Libido si nguvu za kiume

Neno libido limeshafika stendi hapa Tabora. Wauza dawa wamejaza asali kwenye chupa za maji za nusu lita, wakatumbukiza vipande vya mizizi, na juu ya kila chupa wakabandika karatasi kwa selotepu: LIBIDO 5,000. Spika nayo haipumziki: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, na libido yako itasimama kama zamani. Asali yetu haina neno, hata bila mizizi. Ila libido haisimami. Kinachosimama ni kingine, na kila mtu pale stendi anakijua jina.

Maana ni fupi. Libido ni hamu ya kujamiiana, yaani ashiki. Nguvu za kiume ni uwezo wa uume kusimama na kudumu. Uwezo wa kuzalisha nao ni jambo la tatu, linahusu mbegu. Mtu anaweza kuwa na kimoja kati ya hivyo vitatu akakosa vingine viwili.

Wengi hulichukua kuwa neno la Kiingereza, na kweli Kiingereza ndicho kilichotuletea, lakini asili yake ni Kilatini. Limetokana na kitenzi libet, maana yake "inapendeza", na zamani zaidi liliandikwa lubido. Ukoo wake ni mpana: neno la Kiingereza la upendo, love, linatoka shina hilohilo, na lile la Kijerumani, Liebe, pia. Hata wanamuziki wanaokuta ad lib kwenye noti, wakajua hapo waimbe wanavyopenda, wanatumia kitenzi hichohicho bila kujua.

Kwa Warumi neno hili halikuwa la chumbani peke yake. Sallust, mwanahistoria wao wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, anawasifu vijana wa enzi za mababu kwamba libido yao ilikuwa kwenye silaha nzuri na farasi wa vita kuliko kwenye makahaba na karamu. Farasi! Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa zama hizohizo, naye aliiweka libido pamoja na huzuni, hofu na furaha iliyopita kiasi, akazihesabu hizo nne kuwa misukosuko mikuu ya nafsi. Libido kwake ilikuwa kutamani jema ambalo bado halijafika mkononi, liwe mali, cheo au mtu.

Aliyelibana neno ni Mwafrika mwenzetu, askofu Augustino wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake, Mji wa Mungu, anaeleza kwamba libido ziko nyingi: hasira ni libido ya kulipa kisasi, ubahili ni libido ya kushika fedha, na watawala wana libido ya kutawala. Kisha anakiri kwamba ukilitaja neno peke yake, bila kusema libido ya nini, akili ya msikilizaji inakwenda moja kwa moja kwenye viungo vya uzazi. Imepita miaka 1,600 na bado iko hivyo. Na tukiwa hapa Tabora, haya mambo yana njia yake: mapadre wa kwanza Wakatoliki kufika huku mwaka 1878, wale tuliowaita White Fathers, walikuwa shirika lililoanzishwa Algeria kwao Augustino miaka kumi tu kabla.

Madaktari wa Ulaya walilifufua mwishoni mwa karne ya 19, na Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechunguza nafsi za watu, ndiye aliyelitia mdomoni mwa watu wote. Mwaka 1905 aliandika kwamba hamu ya chakula ina jina lake, njaa, lakini hamu ya mwili haina jina la kila siku linalolingana nalo, kwa hiyo sayansi inatumia libido. Kijerumani chake kilikuwa na Lust, ila akaliona linayumba kati ya hamu yenyewe na raha inayopatikana hamu ikitimizwa. Sisi wenye maneno mawili, hamu upande mmoja na raha upande wa pili, tusingemsumbua. Carl Jung, daktari mwenzake wa Uswisi, alipotaka mwaka 1912 kulipanua neno liwe nguvu yote ya nafsi, Freud hakukubali, na huo ukawa mmoja wa ugomvi uliowatenganisha.

Kosa moja la stendi, lakini, la kuiona libido kuwa ya wanaume tu, lina mzizi kwa Freud mwenyewe. Aliandika kwamba libido kwa asili yake ni ya kiume, hata ikiwa ndani ya mwanamke. Hilo limepitwa na wakati. Mama anayenyonyesha ambaye kwa miezi hataki kuguswa, libido yake ndiyo imeshuka, kwa sababu ya homoni na usingizi wa kuibia. Yule mwenye spika hana hata kijiko kimoja kwa ajili yake.

Vilevile sildenafil, vile vidonge vya bluu vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, haviongezi libido. Vinasaidia damu kuingia kwenye uume pale ambapo hamu tayari ipo. Asiyetaka, hata akimeza, bado hataki.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kwa daktari usiseme tu "libido imeisha". Mwambie hamu haipo, au hamu ipo ila mwili hautii. Ukisema la kwanza atakuuliza kuhusu usingizi, msongo wa mawazo na dawa unazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu. Ukisema la pili, huenda akaanza kwa kukupima sukari na presha.