Kuteleza kwenye theluji si kwa Wazungu peke yao
Kwenye foleni ya kivuko pale Kamanga nilimsikia kijana akimwambia dada yake, "Theluji ni ya Wazungu, miili yetu haiiwezi." Si kweli hata kidogo. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alianza kuteleza 1996. Mwaka 1998 akashindana kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani. Kinachotukwamisha ni nauli, vifaa na kukosa wa kutufundisha.

Tena kupanda mlima kwa ski, vile vibao virefu vya kutelezea vinavyofungwa miguuni, ni kutembea tu. Chini ya ski unabandika utepe wenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, kama ya mbuzi: ukisukuma mbele unateleza, ukirudi nyuma unang'ang'ania. Hatari kubwa ni maporomoko ya theluji, ndiyo maana anayeanza huenda na mwalimu, kwenye miteremko isiyo mikali.