Neno atakaloandika mtoto

Kila Ijumaa jioni mimi hufungua faili ambalo wanafunzi hawalioni. Humo hujiandika kila neno lililotafutwa kwenye maktaba yetu likakosa jibu. Hakuna jina la mtu, ni neno na saa tu. Mara ya kwanza kulisoma, mstari wa juu kabisa ulikuwa na neno moja: bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari hupanda na kushuka kupita kawaida.

Mimi ni mkutubi hapa Tanga. Nasaidia shule za mjini na za njia ya Pangani kuwa na maktaba za kidijitali za sayansi na hisabati. Neno lile liliniuma, kwa sababu somo lenyewe tulikuwa nalo: video, mchoro na maswali, vyote kuhusu mwezi kuvuta bahari. Ila vilikuwa vimeorodheshwa kwa maneno ya Kiingereza peke yake. Mtoto aliyekulia Sahare, pwani ya mji wetu, anaijua bamvua tangu hajaanza shule, kwa kuwa ndiyo inayoamua nyumbani watakula nini. Alikuja na neno lake, akaambiwa hakuna kitu.

Watu wengi wakisikia maktaba ya kidijitali hufikiria mashine na mafaili. Mashine ni sehemu nyepesi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaenea kiganjani, inatumia umeme mdogo kiasi kwamba paneli ya jua na betri vinaitosha, na inarusha mtandao wake yenyewe darasani bila bando la mtu yeyote. Ndani yake unaweka programu ya Kolibri kwa masomo na mazoezi, Kiwix kwa Wikipedia isiyohitaji intaneti, na PhET, majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo mengine yana tafsiri ya Kiswahili. Mwalimu anaunganisha kishikwambi chake, mara nyingi kile kile kilichotumika kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa kwa walimu, na somo linaanza. Kwetu pwani kuna maadui wawili tu wa kuwaangalia: hewa ya chumvi inayokula ncha za waya, na umeme kukatika ghafla wakati kadi ya kumbukumbu inaandikwa. Kadi ikifungwa isiandikike ovyo, la pili limekwisha.

Kazi yenyewe iko kwenye orodha.

Wakutubi tuna utaratibu uitwao Dublin Core, ulioanza mwaka 1995 kule Dublin ya Ohio, Marekani. Una vipengele 15 vya kueleza kitu: jina, mtunzi, tarehe, lugha, haki na kadhalika. Mimi siku zangu nyingi zinaishia kwenye kimoja, mada. Uzuri wake ni kwamba kipengele kinaruhusiwa kurudiwa mara nyingi utakavyo. Kwa hiyo somo lile moja sasa lina bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa, mwezi mpevu, mwezi mwandamo, na lile neno la Kiingereza la mtihani pia.

Kabla ya kuyaandika nilikwenda kuuliza kwa mzee mmoja anayeshona nyavu. Nikamwamkia, nikakaa. "Mwanangu," akaniambia, "bamvua haikuiti, wewe ndiye unayeihesabu. Mwezi ukiandama au ukijaa, maji yetu yanajaa saa kumi. Saa kumi alfajiri, saa kumi jioni." Hiyo ni fizikia tupu. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua, dunia na mwezi vinakaa kwenye mstari mmoja, mvuto wa jua unaongezea wa mwezi, na maji yanapanda juu sana na kushuka mbali sana. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua unakwenda upande mwingine, tunapata maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana.

Humo humo mna hisabati. Maji kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake mwezi nao umeshasogea. Kama leo yamejaa saa kumi jioni, kesho ni saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Je, baada ya siku saba? Zidisha 50 kwa 7, ni dakika 350, yaani saa tano na dakika 50: saa nne kasoro dakika kumi usiku. Nimeliweka swali hilo chini ya video, na ndilo zoezi linalofunguliwa zaidi kwenye mashine ya shule lilikotoka neno bamvua.

Tatizo la maneno linazidi mtoto akifika kidato cha kwanza. Darasa la saba alisoma kwa Kiswahili, akajua usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, na KDS, kigawe kidogo cha shirika. Miezi michache baadaye mambo yale yale anaambiwa ni photosynthesis na LCM. Kwenye faili langu la Ijumaa nimekuta "fotosintesisi", "fotosinthesis", na mmoja "fotosintesi". Hawa hawajakosea, wameandika walichokisikia mwalimu akitamka. Nimeyaingiza yote kwenye orodha, mahali pasipoonekana, ili yafike kwenye somo lile lile.

Hisabati ina mtego wake. Shule moja ilinipa mitihani ya zamani iliyopigwa picha, na programu ya kusoma maandishi kwenye picha ikageuza 3² kuwa 32. Mwanafunzi alikesha na swali ambalo jibu lake lilikuwa 9, akiamini yeye ndiye hajui. Tangu siku hiyo kila fomula naichapa upya kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi ya hesabu, na kuisoma kwa sauti kabla ya kuipandisha. Ni kazi ya polepole, na sikubali kuiruka.

Jambo jingine nililojifunza kwa maumivu ni Flash, programu ya zamani ya kuchezesha picha na masomo kwenye kompyuta. Masomo mengi mazuri ya sayansi yalitengenezwa kwa teknolojia hiyo, na ilipofika Desemba 31, 2020, Adobe ikaacha kuihudumia. Nilifungua folda niliyoikusanya kwa miaka, nikakuta visanduku vya kijivu. Siku hizi napokea tu kinachofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na chenye leseni ya wazi kama Creative Commons, ambayo mtunzi mwenyewe huruhusu kazi yake igawiwe. Kitabu chenye hakimiliki hakiingii bila ruhusa ya mwenyewe, hata mwalimu akinisihi vipi; Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, na mimi pia ningependa kazi yangu ilindwe.

Ijumaa iliyopita faili lilikuwa fupi, mistari sita. Wa mwisho uliandikwa saa mbili usiku, bila shaka bwenini: "kwa nini bahari ina chumvi na mvua haina". Somo la uvukizi tunalo, tena zuri, lina jaribio la sufuria, maji ya bahari na mfuniko ambalo mtoto anaweza kulifanya jikoni kwao. Nimelifungua kwenye orodha, nikaenda kwenye mada, nikaandika swali lake neno kwa neno kama alivyoliandika.