Kinayeyuka mdomoni, lakini kinanyonywa tumboni

Jana tena, dirishani kwenye duka letu la dawa: "Dada, si hiki kinayeyuka mdomoni? Basi kitashika papo hapo." Kilikuwa kidonge cha ondansetroni, cha kuzuia kutapika. Nimelisikia neno hili mara nyingi mno, na leo nalijibu.

Kuyeyuka mdomoni si kunyonywa mdomoni. Kidonge hiki kimetengenezwa kiwe chepesi, chenye vitundu, kipasuke kikigusa mate tu. Kiweke juu ya ulimi, ufunge mdomo. Mara kimekuwa uji mtamu wenye ubaridi kidogo (huo mara nyingi ni wa manitoli, kitamu kinachochanganywa humo). Uji huo unaumeza. Kuanzia hapo safari ni ile ile: tumbo, utumbo mwembamba, ini, kisha mwili mzima. Ulichopunguziwa ni glasi ya maji na shida ya koo. Kidonge cha chini ya ulimi, kama nitrogliserini ya maumivu ya moyo, ni habari nyingine kabisa: chenyewe huingia kwenye mishipa ya pale pale bila kupita kwanza kwenye ini. Ukikimeza, ini linaiharibu sehemu kubwa ya dawa wakati mgonjwa bado ameshika kifua. Ndiyo maana nakuwa mkali.

Dawa ya mseto ya malaria ya watoto, ile ya kuyeyuka iliyotoka 2009, nayo si ya kumwekea mtoto ulimini. Iyeyushe kwenye maji kidogo, mnyweshe, kisha suuza kikombe umpe na hayo masuuzo, maana dawa hubaki imeganda pembeni.

Na tafadhali, doksi (doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria) usiimeze kavu! Kijana mmoja aliimeza kwa mate usiku, akalala. Kesho yake kila tonge likishuka lilimchoma katikati ya kifua. Kapsuli ilinata kwenye umio na tindikali yake ikachubua. Doksi ni glasi nzima ya maji, na kukaa wima angalau nusu saa.

Wanaonitia mashaka ni wazee wenye mdomo mkavu, hasa wanaotumia amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva inayokausha mdomo. Kidonge cha kuyeyuka mdomoni kinategemea mate, na mate hawana. Mimi huwaambia walowanishe ulimi kwanza kwa maji kidogo. Wengine hufanikiwa, wengine hurudi wakisema kimewaganda kwenye kaakaa, na hapo naona heri dawa ya maji.

Mwisho, kidonge hicho cha kuyeyuka usikisukume kitoke kwenye pakiti kwa kidole gumba kama panado, kitavunjika. Bandua karatasi ya nyuma, vidole vikiwa vikavu, ukiweke ulimini saa hiyo hiyo.