Madamu, Zanzibar ni nchi au sio nchi?

Mi kazi yangu kufundisha walimu, na somo langu ni falsafa ya elimu, lile ambalo wanachuo wakiliona kwenye ratiba wanaguna manake wanajua ni kukariri majina ya wazee wa Kigiriki, kufanya pepa na kusahau. Siwalaumu sana. Ila kuna siku nilikuwa nakagua wanafunzi wangu walioenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, ndo nikaona falsafa ikiingia darasani bila kupiga hodi.

Kidato cha pili, watoto wanakaribia 80, kipindi cha Siviksi. Binti niliyemfundisha mwenyewe anaenda vizuri tu, andalio la somo limenyooka, anaorodhesha faida za Muungano ubaoni kwa Kiingereza na watoto wanakopi kimya. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono akauliza kwa Kiswahili, "Madamu, kwani Zanzibar ni nchi au sio nchi?" Darasa likacheka. Binti akaniangalia mimi, akaangalia mlango, akasema hiyo ni siasa, tuendelee.

(Na mmeona kitu, swali la kweli limekuja kwa Kiswahili. Somo zima Kiingereza, akili ya mtoto inauliza kwa lugha nyingine. Hilo nitaliandikia siku yake.)

Baadaye nikamuuliza kwanini alimkwepa yule kijana. Akasema, "Dokta, niliogopa, alafu si kila mtu ana maoni yake?" Kuogopa naelewa, yule ni mwalimu wa field anayetafuta maksi na kesho anatafuta ajira. Hilo la kila mtu na maoni yake ndo lilinikosesha usingizi, manake nalisikia kila mwaka na lina sura ya uungwana kabisa.

Tuchukulie kipimo chako ni hicho, kwamba jambo likiwa linabishaniwa na watu basi mwalimu aliache wazi. Sawa. Kanda ya Ziwa kuna watu waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu wana ualbino, na waliofanya hivyo walikuwa na imani yao kwamba viungo vile vinaleta utajiri. Sasa mwalimu asimame aseme wapo wanaoamini na wapo wasioamini, nyie wanangu mnaonaje? Hapana jamani. Hapo hajatenda haki kwa pande mbili, amempa mtoto ruhusa ya kuwaza uovu. Kuna maswali mwalimu analipwa ili ayafunge.

Kipimo cha pili ni cha maofisini, kwamba kilichoamuliwa na sheria au sera kimefungwa, kilichobaki ndo cha kujadili. Ni rahisi na kinakulinda na mkaguzi, ila sera hubadilika. Hadi 2021 binti aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya serikali, Novemba mwaka huo wizara ikatangaza anaruhusiwa. Kwahiyo Oktoba jibu sahihi lilikuwa moja na Novemba likawa lingine? Mwalimu wa hivyo hafundishi, anasubiri waraka.

Kipimo ninachokipenda mimi kilitoka kwa mwanafalsafa wa elimu wa Uingereza, R. F. Dearden, mwaka 1981, alafu Michael Hand akakifufua 2008 na wenzake wakamshambulia kweli kweli. Kwa lugha ya mtaani ni hivi: swali liko wazi kama mtu anaweza kushika jibu hili au lile la kinyume na bado akawa hajaikosea akili. Usihesabu wabishi, pima sababu zao. Sababu za upande mmoja zikiwa hoi, fundisha jibu na useme kwanini. Zikiwa na nguvu pande zote, liache wazi, na kulifunga hapo ndo kudanganya watoto.

Sasa turudi kwenye Muungano, na hapa naomba mnisome taratibu. Tume ya Jaji Nyalali iliundwa 1991 kuangalia mfumo wa vyama, watu kama asilimia 80 wakasema tubaki na chama kimoja, tume ikapendekeza vyama vingi. Yaani serikali yenyewe ilishawahi kukubali kwamba idadi ya vichwa haimalizi hoja! Tume hiyo hiyo ikapendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar) badala ya mbili tulizonazo (ya Muungano na ya Zanzibar), hilo likakataliwa. Ikaja Kamati ya Jaji Kisanga ya kukusanya maoni ya katiba, wananchi wengi walitaka serikali mbili ila kamati ikaegemea tatu, Rais Mkapa akaikatalia hadharani. Ikaja Tume ya Jaji Warioba, rasimu yake ya katiba mpya ya 2013 nayo ikasema tatu, Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likarudisha mbili. Vyombo vitatu, vyote vimeundwa na serikali, vimejaa watu wazito, na vyote vimefika mahali tofauti na sera. Na waliotetea mbili nao sio watu wa kubezwa, Nyerere mwenyewe alipigana na wabunge wa G55, kundi lililodai serikali ya Tanganyika mwaka 1993, na hoja zake zilikuwa na uzito, kwamba serikali ya Tanganyika ingekuja kuumeza au kuuvunja Muungano. Mtu akiniambia swali la serikali ngapi lina jibu moja ambalo kila mwenye akili lazima alione, namuuliza majaji hao watatu anawaweka wapi.

Ila swali la yule kijana halikuwa la serikali ngapi, na ndo uzuri wake. Katiba ya Jamhuri inaanza kwa kusema Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Zanzibar baada ya marekebisho ya 2010 inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo. Miaka miwili kabla yake Waziri Mkuu Pinda alisema bungeni Zanzibar sio nchi na visiwani kukachafuka. Kwahiyo mtoto wa miaka 15 amegusa palepale katiba mbili zinapogongana, alafu anaambiwa tuendelee.

Na swali lake ukilikata vipande kuna vilivyofungwa. Zanzibar ilikuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa tangu Desemba 1963 hadi Muungano wa Aprili 1964, leo kiti ni kimoja, hilo halina maoni. Neno "nchi" lina maana zaidi ya moja, hilo nalo halina maoni. Je, ingefaa kuwaje? Hapo ndo pako wazi. Kuna na aina nyingine wengi wanaichanganya na maoni, mfano walikufa wangapi kwenye Mapinduzi ya Januari 1964. Makadirio yanatofautiana vibaya, lakini idadi ni suala la ushahidi, aidha walikufa au hawakufa, na hapo mtoto afundishwe kumuuliza kila mtoa namba amezipata wapi na anafaidika nini.

Mwalimu aseme msimamo wake? Wajerumani tangu 1976 wana makubaliano ya Beutelsbach, kwamba usimlemee mwanafunzi na rai yako, na linalobishaniwa na wasomi na wanasiasa lionekane hivyo hivyo darasani. Nakubali, na kwetu nakubali mara mbili, manake mwalimu ana maksi mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, akisema anachoamini dakika ya tano mjadala umekufa. Mi nikibanwa nasema mwishoni, tena baada ya kutoa hoja kali kuliko zote ya upande nisioukubali.

Yule binti alirudi kwenye darasa lile wiki hiyo hiyo, nikakaa tena nyuma na fomu yangu. Akaandika sentensi zile mbili za katiba ubaoni, moja juu ya nyingine, akakaa pembeni. Dakika 40 zikaisha watoto wamesimama juu ya madawati. Halafu msichana mmoja wa mbele, daftari wazi, peni tayari, akauliza, "Madamu, hii itatoka kwenye mtihani?"

Binti akaniangalia tena. Mi nikainama nikajifanya naandika.