Mfuko wa Plastiki Hutoka Sokoni Wauzaji Wakikubaliana

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, ule ambao wengi wetu tuliuzoea kwa jina la rambo, ni marufuku Tanzania Bara kuutengeneza, kuuingiza nchini, kuuuza na hata kukutwa nao. Madukani umetoweka kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, anayewahi mnada wa samaki katika vijiji vya pwani bado anaweza kumkuta mchuuzi akichomoa chini ya meza nailoni nyembamba inayoonyesha, akaipuliza ifunguke, akatia vibua sita na kupiga fundo.

Nailoni hiyo ni kifungashio. Kanuni za mwaka 2019 ziliacha nafasi kwa plastiki ya kufungia bidhaa za viwanda, kilimo na huduma za afya, na nafasi hiyo ikageuzwa mlango wa uani, hadi mwaka 2021 Serikali ilipokataza vifungashio kutumika kama vibebeo. Mchuuzi anaijua sheria. Tatizo lake ni kwamba mteja amekuja mikono mitupu, samaki anachuruzika maji na damu, na gazeti likishalowa halibebi kitu. Akimwambia akachukue chombo nyumbani, mteja husogea meza ya pili, ambako atapewa nailoni bila kuiomba. Kumtaka mchuuzi huyo aache peke yake ni kumtaka akubali hasara ili jirani yake auze.

Mji mdogo wa Modbury, huko Devon nchini Uingereza, wenye wakazi wapatao 1,500, ulilikabili jambo hili bila kusukumwa na sheria yoyote. Mwaka 2007 Rebecca Hosking, mpigapicha wa filamu za wanyamapori aliyekuwa amewaona ndege wa baharini huko Hawaii wakiwa wamekufa kwa kumeza plastiki, aliwaonyesha wenye maduka wa mji wake picha alizorudi nazo. Wauzaji 43 walikubali kuacha kutoa mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Mei. Huruma kwa ndege ilisaidia, lakini kwa maoni yangu kilichofanya kazi ni ile tarehe moja kwa wote, kwa kuwa mteja hakubaki na duka la kukimbilia.

Kijiji cha Tanzania kina chombo ambacho Modbury haikuwa nacho, yaani mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na mamlaka ya kutunga sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Makubaliano yaanzie kwenye samaki na nyama, si kwenye unga na sukari, ambavyo havina shida ya kubebwa. Wachuuzi wa mnada wanaweza kuchanga na kununua ndoo ndogo zenye mifuniko, mteja aliyesahau chombo akaweka fedha kidogo ya dhamana, na kurudishiwa anaporudisha ndoo. Pakacha la makuti, ambalo wazee wetu walilisuka papo hapo chini ya mnazi, linafaa vilevile kwa samaki wakubwa.

Tahadhari moja kuhusu mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa: nao umetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Ubora wake umo katika kutumika mara nyingi, na ndiyo sababu kiwango kinachotakiwa ni gramu 70 kwa mita ya mraba. Ulio mwepesi zaidi huchanika baada ya safari chache na kuishia mtaroni au kwenye mizizi ya mikoko, kama rambo tu.

Mifuko ya zamani iliyobaki ndani isitumike kuwashia mkaa, desturi ambayo bado ipo katika nyumba nyingi, kwa kuwa moshi wake una sumu na anayeuvuta kwanza ni yule aliyeinamia jiko. Ama kikapu cha ukili kilichobebea samaki, kisuguliwe kwa maji na sabuni siku hiyohiyo, kianikwe juani hadi kikauke kabisa, na kitengwe na kile cha kubebea matunda na mboga zinazoliwa mbichi.