Usingoje Tumbo Lionekane: Maswali na Majibu Kuhusu Vipimo vya Mjamzito

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa karibu kila siku katika chumba cha ushauri nasaha cha kliniki ya wajawazito.

Kliniki ya kwanza nianze lini?
Kabla mimba haijatimiza wiki 12. Wiki hizo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si tangu siku unayodhani ulishika mimba.

Mama mkwe amenionya nisijitangaze mpaka tumbo lionekane, kwa kuogopa kijicho. Nisubiri?
Usisubiri. Kumficha jirani ni hiari yako, na kadi ya kliniki haibandikwi mlangoni; lakini kumficha mkunga ni kujiweka hatarini. Tumbo linapoonekana kwa kila mtu, mara nyingi miezi mitano imekwisha kupita, na katika miezi hiyo kaswende, ambayo huweza kumuua mtoto tumboni bila mama kuhisi maumivu yoyote, imepata muda wa kutosha, ilhali sindano ya penisilini ingeitibu. Narudia kwa heshima zote kwa mama wakwe: usisubiri.

Najisikia mzima. Damu yangu ya nini?
Kwa sababu Virusi vya UKIMWI, kaswende na homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Mama mwenye VVU asiyetumia dawa ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Akitumia dawa ipasavyo, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Majibu ni siri yako. Ni vyema mwenza naye apime, lakini asiye na mwenza wa kuongozana naye aje peke yake.

Utrasaundi imeonyesha mtoto ni mzima. Haitoshi?
Haitoshi. Picha haisomi wingi wa damu, wala haioni kaswende.

Vidonge vya kuongeza damu vinanichefua. Niviache?
Hapana. Yupo mama aliyekuja kwa mara ya pili akiwa na miezi saba, viganja vyeupe, anahema kwa kupanda ngazi tatu tu; wingi wa damu yake ulikuwa gramu 6.4 kwa desilita, ilhali mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Alipofungua mkoba kutafuta kadi, vidonge tulivyompa vilitoka vyote, havijaguswa, vimelala pamoja na vipande vya udongo wa kula. Meza kidonge usiku baada ya kula, uache chai ikae mbali nacho kwa saa mbili hivi, kwani chai huzuia madini chuma kuingia mwilini, na udongo vilevile. Choo kikiwa cheusi, usishtuke.

Nina miezi sita na sijaanza. Nitagombezwa?
Pengine utaambiwa neno moja au mawili, nami sijitoi miongoni mwa wasemaji, lakini utapimwa siku hiyohiyo. Njoo kesho asubuhi. Ukitokwa na damu ukeni, ukiumwa sana kichwa huku macho yakiona ukungu, au mtoto akiacha kucheza, hiyo kesho usiingoje: nenda hospitali usiku huohuo.