Amri za chini kwa memori kadi ni nini?

Ukichomeka memori kadi kwenye laptopu, unachokiona ni folda: picha za harusi, nyimbo, faili za kazi. Kadi yenyewe haijui picha wala harusi. Inachojua ni vipande vya baiti 512 vilivyopewa namba, pamoja na amri chache inazoweza kuzitii. Ukibofya picha, mfumo endeshi ndio unaokugeuzia ombi lako kuwa "nisomee kipande namba fulani". Hiyo ndiyo amri ya chini. Kwa kawaida hutumwa bila wewe kujua, lakini unaweza pia kuituma mwenyewe, bila kupitia folda wala faili.

Kila amri ya kadi ya SD ina biti 48 tu. Biti 6 hubeba namba ya amri, ndiyo maana namba huanzia 0 na kuishia 63. Biti 32 hubeba maelezo, kwa mfano ni kipande kipi kinatakiwa, na 7 ni za kukagua kama ujumbe umefika salama. Amri huandikwa CMD (kifupi cha "command") na namba yake: CMD0 huirudisha kadi kwenye hali ya mwanzo, CMD17 husoma kipande kimoja, CMD24 huandika kimoja, CMD10 huuliza "wewe ni nani?" Na kadi hujibu, kwa sababu ndani ya kitu hicho cha ukubwa wa ukucha mna prosesa ndogo inayoendesha programu yake yenyewe. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha kuliko yote: tunabeba kompyuta mbili mfukoni, simu na kadi iliyomo, tukidhani ni moja.

Jibu la utambulisho lina faida ya moja kwa moja. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `cat /sys/block/mmcblk0/device/cid`. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu wenye namba ya mtengenezaji, jina la bidhaa, namba ya pekee ya kadi na tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa lebo ya nje inataja kampuni moja na namba ya ndani ni ya nyingine, una sababu nzuri ya kuitilia shaka kadi hiyo. Lakini usiishie hapo, maana kadi bandia inaweza kudanganya hata kuhusu ukubwa wake. Kadi ya kutiliwa shaka ijaze data mpaka pomoni, kisha uisome yote tena.

Kwa amri nyingine, kerneli (kiini) ya Linux ina mlango maalumu, MMC_IOC_CMD, uliowekwa mwaka 2011, na programu ya mmc-utils huutumia. Mlango huo huhitaji ruhusa za juu kabisa za mfumo.

Wengi hukwama kwenye kisoma-kadi cha USB. Wakichomeka kadi humo, mmcblk0, jina ambalo Linux huipa kadi ya SD, haipo. Wanaona sda au sdb, majina ya diski. Tatizo haliko kwenye kadi. Kisoma-kadi ni mkalimani: kompyuta inazungumza nacho SCSI, yaani lugha ya diski, nacho kinazungumza na kadi lugha ya SD. Kwa kuwa mkalimani huyo kwa kawaida amefundishwa kusoma na kuandika tu, ukitaka kutuma amri nyingine, kama CMD42, hana neno la kuitafsiri. Ndiyo maana mafundi hupenda Raspberry Pi, ambayo tundu lake la kadi limeunganishwa moja kwa moja na prosesa. Baadhi ya laptopu nazo ziko hivyo, nyingine zina mkalimani wa USB aliyefichwa ndani.

CMD42 niliyoitaja ni ya kufunga kadi kwa nywila isiyozidi baiti 16. Waliotumia simu za Nokia za Symbian wataikumbuka: unaweka nywila kwenye memori kadi, unaisahau, na kadi haifunguki kwenye simu yoyote. Kuiformati hakusaidii, kwa sababu kuformati ni kuandika, na kadi iliyofungwa haikubali kuandikwa. Amri hiyo hiyo ina njia ya kuifungua kwa nguvu, ila hufuta kila kitu kilichomo.

Kwa hiyo tuma amri hizi kwenye kadi usiyoihitaji kwanza. Futa ya kawaida huacha data nyingi mahali pake. CMD38 huiambia kadi iviondoe vipande vyenyewe. Na kuna biti moja kwenye CSD, rejista ya ndani inayohifadhi sifa za kadi, ambayo ikishawashwa, kadi haiandikiki tena maisha yake yote.

Mwisho wa orodha, baadhi ya namba zimeachiwa watengenezaji. Mwaka 2013, huko Hamburg, mhandisi Andrew "bunnie" Huang na mwenzake anayejiita xobs walionyesha kwamba prosesa fulani za kadi, zikipokea CMD63 ikifuatwa na herufi A, P, P, O, hukubali kupakiwa programu mpya.